Kumfuga Kamongo Kwenye Tangi la Vioo: Mwongozo Kamili Kuanzia Maji ya Kwanza

Malalamiko ni yale yale. Mtu kanunua kamongo mchanga, kamtia kwenye tangi zuri lililojaa maji hadi juu, kalifunika vizuri asiruke, na asubuhi kamkuta amelala chali. Maji masafi, pampu inatoa mapovu, chakula kipo. Anauliza ni ugonjwa gani.

Si ugonjwa. Amezama.

Kamongo, samaki ambaye Waganda wanamwita mmamba na wataalamu wanamwita Protopterus aethiopicus, ana mapafu mawili, na matamvua yake ni madogo kiasi kwamba hayawezi kumtosheleza. Sehemu kubwa kabisa ya hewa anayoitumia anaivuta juu ya maji, kwa mdomo. Akizuiwa kufika juu, anakufa kama ambavyo wewe ungekufa. Ukilielewa hilo, hatua nyingi hapa chini utaweza kuzikisia kabla hujazisoma.

Tahadhari kwa wasomaji wa Kiswahili walio Kampala: ukienda mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, ukaomba "mamba" kwa lafudhi ya pwani, utachekwa. Sema mmamba. Na kama nyumbani kuna mtu wa ukoo wa Mmamba, ongea naye kwanza. Kwake huyu ni mwiko wa ukoo, si kitoweo, na huenda asipende kumwona amefungiwa sebuleni.

VIFAA VYA KUWA NAVYO KABLA YA SAMAKI

Utahitaji matangi mawili kwa nyakati mbili tofauti. Usianze na kubwa ukidhani unaokoa fedha. Kamongo mchanga kwenye maji yenye kina kirefu huchoka kupanda na kushuka, na chakula humpotea.

Kwa tangi la malezi, samaki akiwa na sentimita 15 hadi 40:

- Tangi la vioo la sentimita 90 × 45 × 45, kioo cha milimita 6.
- Kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Chukua sponji kubwa, au mbili.
- Hita ya wati 100 yenye kizimba cha plastiki, na kipimajoto.
- Mchanga laini wa mto uliooshwa, wa kutosha unene wa sentimita 3 hadi 4.
- Bomba la PVC la inchi 4, kipande cha sentimita 20.
- Mfuniko wa kioo au plastiki ngumu, na vitu vizito vya kuugandamiza.
- Vipimo vya maji vya matone: amonia, nitraiti, nitreti na pH.
- Sodiamu thaiosalfeti ya kuondoa klorini, au dawa ya klorini ya duka la samaki wa mapambo.
- Koleo ndefu ya sentimita 30 au zaidi, mpira wa kunyonyea maji, ndoo mbili zisizowahi kuguswa na sabuni, na glovu ndefu za mpira.
- Chumvi ya mawe isiyo na viungo.

Tangi la pili, la samaki mkubwa, tutalifikia kwenye hatua ya 8. Lipigie hesabu tangu leo. Kamongo wa ziwani anaweza kufikia mita 2. Wa tangini mara nyingi huishia chini ya hapo, lakini mita moja si ajabu. Kama huna nafasi ya tangi la mita 1.8 ndani ya miaka miwili ijayo, chagua samaki mwingine.

Jambo la mwisho kabla ya kutoa fedha: pita kwa afisa uvuvi wa wilaya yako uulize kibali cha kumiliki na kusafirisha samaki hai. Ni safari ya asubuhi moja, na inakuepusha na maswali ya barabarani ukiwa na ndoo mkononi.

HATUA YA 1: Chagua mahali

Weka tangi ghorofa ya chini, kwenye sakafu ya saruji, mbali na dirisha la jua. Jua huotesha mwani na kupandisha joto mchana.

Lisiwe kwenye njia ya kupita watu. Kamongo haoni vizuri, ila anahisi mtikisiko na kivuli kinachopita juu yake, tena ana sababu. Kule kwenye kinamasi cha Mabamba, Uganda, yule korongo mwenye mdomo kama kiatu husimama kimya akisubiri kamongo apande kuvuta hewa, kisha anamdaka. Samaki anayeogopa kupanda ni samaki anayechelewa kupumua.

Waya za pampu na hita zining'inie chini kidogo kuliko soketi kabla ya kupanda kwenye soketi yenyewe, ili tone la maji linalotambaa kwenye waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

HATUA YA 2: Panga tangi, na uache hewa

Tandaza mchanga. Usitumie kokoto zenye ncha. Kamongo hula kwa kufyonza, kokoto huingia pamoja na chakula, na ngozi ya tumboni hukwaruzika anapolala.

Laza bomba la PVC, pande zote mbili zikiwa wazi. Watu huziba upande mmoja wakidhani wanamtengenezea pango. Samaki huyu hageuki kirahisi ndani ya bomba. Akiingia kwa kichwa na mbele kumezibwa, itabidi arudi kinyumenyume ili apate hewa, na akikwama hapo ndipo mwisho wake. Kila miezi mitatu hakikisha bado anapita bila kubanwa.

Jaza maji kina cha sentimita 25 tu. Hiyo ni takriban lita 100. Akivuka sentimita 30 za urefu, pandisha hadi 35. Juu ya maji, chini ya mfuniko, zibaki sentimita 10 za hewa kila wakati. Bandika kipande cha utepe kwenye kioo kwenye mstari huo ili hata mtu wa nyumbani anayekusaidia ajue asipitishe hapo.

Mfuniko uwe na matundu mengi ya milimita 5, kwa sababu hewa iliyofungiwa bila kubadilika huharibika. Usitumie wavu wa chuma: samaki hugonga pua na kuchubuka. Weka tofali au jiwe la kilo 3 hadi 5 kila pembe. Kamongo hupenya popote kichwa chake kinapopita, pamoja na lile pengo dogo uliloacha kwa ajili ya mpira wa pampu. Lizibe kwa sponji.

Mimea ya kuelea, kama ile inayofanana na kabichi ndogo, inamtuliza. Ifunike theluthi moja tu ya uso wa maji. Usilete gugu maji kutoka ziwani, na mmea wowote wa porini uuweke karantini wiki mbili kwenye ndoo. Konokono wanaokuja nao tutawazungumzia kwenye chakula.

Dalili ya mafanikio: ukiinama usawa wa tangi unaona tabaka la hewa wazi kutoka kona hadi kona, na vioo vya juu vina unyevunyevu kidogo. Unyevu huo ni mzuri, maana hewa anayovuta haitofautiani sana na joto la maji.

HATUA YA 3: Tengeneza maji, kisha subiri

Hapa ndipo haraka inapoua samaki wengi walionusurika kuzama.

Maji ya bomba ya mjini yana klorini ya kuua vijidudu. Klorini hiyo huua pia bakteria unaowahitaji na kuunguza matamvua. Namna nafuu ya kuiondoa ni hii: yeyusha gramu 10 za sodiamu thaiosalfeti kwenye lita 1 ya maji, weka kwenye chupa yenye lebo, mbali na watoto. Mililita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji inatosha kwa klorini ya kawaida ya bomba. Jerikeni moja ya lita 20, mililita 20. Koroga, subiri dakika 10. Ukikosa dawa, acha maji kwenye pipa wazi siku mbili huku pampu ya hewa ikiyachemsha kwa mapovu.

Maji ya mvua yanafaa, isipokuwa yale ya mabati mapya. Zinki ya bati jipya huingia majini na ni sumu kwa samaki. Hata kwa bati la zamani, acha dakika za kwanza za mvua zimwagike na vumbi lake.

Sasa washa kichujio na hita, weka joto nyuzi 26, na uanze kuwaotesha bakteria. Kinyesi cha samaki hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza kuwa nitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa kwenye sponji, na siku ya kwanza hawapo.

Tumbukiza kipande cha samaki mbichi ukubwa wa kidole gumba ndani ya soksi nyembamba. Kitaoza na kutoa amonia. Pima kila siku ya pili. Amonia itapanda, kisha nitraiti, kisha zote zitashuka. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Ukiwa na rafiki mwenye tangi lenye afya, omba akukamulie sponji yake chafu ndani ya lako, na muda huo unaweza kupungua sana.

Tangi liko tayari amonia na nitraiti zinaposoma 0 siku kadhaa mfululizo huku nitreti ikipanda. Hapo toa soksi, badilisha nusu ya maji, na sasa ndipo uende kutafuta samaki.

HATUA YA 4: Chagua samaki asiye na ndoana tumboni

Kamongo wengi wanaofika kwenye mialo ya Ziwa Victoria kama Ggaba au Katosi wamevuliwa kwa ndoana. Anaweza kuonekana mzima kabisa ndani ya beseni, kumbe ana ndoana kooni. Atakaa wiki mbili bila kula, kisha atakufa. Usimnunue huyo hata akipunguzwa bei.

Tafuta kamongo mchanga wa sentimita 15 hadi 25 kutoka kwa mfugaji wa mabwawa au aliyenaswa kwa mtego wa kikapu. Kwenye kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki cha Kajjansi, barabara ya Entebbe, unaweza kuuliza nani anafuga.

Mkague hivi. Mdomo ufungwe sawasawa, bila uzi wala damu. Ngozi iwe na utelezi, bila pamba nyeupe. Mapezi yake manne, yale yanayofanana na nyuzi, yanaweza kuwa yamekatika ncha; hilo lisikutishe, huota tena. Macho madogo ni kawaida yake. Usipokee wawili hata ukipewa mmoja bure, kwa sababu mmoja atamkata mwenzake mkia, kisha nyuzi, kisha atammaliza.

HATUA YA 5: Msafirishe na maji machache

Wauzaji wa samaki wa mapambo hujaza mfuko maji na kuufunga. Kwa kamongo huo ni mfuko wa kuzamia.

Tumia ndoo ya lita 20 yenye mfuniko uliotobolewa. Weka maji ya kumfunika mgongo tu, sentimita 8 hadi 10. Tandika juu kitambaa chenye maji ili ndoo isipate joto. Kwa boda boda, ndoo ikae katikati yako na dereva, si kwenye mpini. Mpini hutikisa, naye anapotikiswa hawezi kupima uso wa maji uko wapi.

Ukifika, ongeza kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika 5 kwa nusu saa. Kisha mwinue kwa taulo lililolowa au kwa bomba laini la plastiki, umwingize tangini. Usitumie wavu, mapezi yake ya nyuzi hunasa humo. Maji ya ndoo mwaga nje.

Zima taa. Usimpe chakula siku hiyo wala ya pili.

HATUA YA 6: Jifunze pumzi yake

Siku tatu za kwanza kaa kimya nusu saa jioni ukiwa na saa na karatasi. Andika kila anapopanda.

Utamwona akiinuka kwa mshazari, pua inagusa uso wa maji, mdomo unafunguka, koo linavimba, kisha anashuka huku vipovu vidogo vikimtoka nyuma ya kichwa. Wakati mwingine husikika mlio mdogo, kama mtu anayenywa uji wa moto. Kamongo mchanga aliyetulia hupanda kila baada ya dakika chache. Akiwa amelala mchana anaweza kukawia zaidi, na usiku, akitafuta chakula, hupanda mara nyingi.

Andika wastani wake, sababu huo ndio kipimo chako cha afya kuliko vyote. Akianza kupanda kila dakika bila kutulia, pima amonia na nitraiti papo hapo: maji yanamuunguza na anayakimbia. Akibaki juu ameinua pua bila kushuka, angalia joto na uchafu wa hewa iliyo chini ya mfuniko.

Hapa pia kuna mtego unaowadanganya hata wafugaji wazoefu wa kambale na sato. Samaki wengine hukuonya mapema maji yakikosa oksijeni: wote hupanda juu wakihema. Kamongo hana shida na maji yasiyo na oksijeni, kwa hiyo hakuonyi. Unaweza kuona anaishi vizuri kwenye maji yaliyooza, kisha siku moja amonia inavuka kiwango na anaondoka kwa ghafla. Usimtumie yeye kama kipimo cha maji. Tumia matone.

HATUA YA 7: Chakula

Kamongo ni mwindaji wa kunusa. Meno yake si ya kuchana bali ni mabamba magumu ya kuponda, yaliyoumbwa kwa magamba ya konokono. Kidole chako ni laini kuliko gamba la konokono. Kwa hiyo koleo daima, mkono kamwe, na usiingize mkono tangini ukiwa umetoka kupaa samaki jikoni.

Vyakula vinavyofaa ni nyungunyungu, vipande vya ngege au sato mbichi pamoja na ngozi, dagaa wabichi mara mojamoja, na chembechembe za chakula cha kambale zile zinazozama. Badilisha badilisha. Mukene, yaani dagaa, mkavu wa sokoni muache: mara nyingi ana mchanga wa kuanikia, na mwingine ana chumvi. Nyama ya ng'ombe na kuku pia iache, mafuta yake hayamfai.

Konokono wa majini ndio anaowapenda kuliko vyote, na ndio wa hatari zaidi kwako. Konokono wa ukingoni mwa Ziwa Victoria wanaweza kubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hutoka kwa konokono aliye hai na kupenya ngozi ya binadamu. Waokote kwa glovu, wagandishe kwenye friza saa 48, ndipo uwape samaki. Usiweke konokono hai wa ziwani ndani ya tangi, maana wiki ijayo mkono wako utaingia humo kubadilisha maji.

Kiasi: kwa kamongo mchanga, mlo mmoja uwe na ujazo wa kichwa chake, siku moja ndiyo, nyingine hapana. Akivuka sentimita 40, mara mbili kwa wiki zinatosha.

Mpe jioni. Shika kipande kwa koleo, kishushe mbele ya pua yake, umbali wa sentimita 5, na usitikise sana. Atakifyonza, atakitema, atakifyonza tena, mara sita au kumi, kila mara kikiwa kimelainika zaidi. Mgeni hudhani amekataa na kukiondoa. Mwache. Ndivyo anavyotafuna.

Baada ya dakika 30 nyonya mabaki yote. Namna hii ya kula hujaza maji vipande vidogo visivyoonekana, na ndiyo maana kamongo mmoja huchafua tangi kuliko samaki wadogo kumi.

Mgeni anaweza kukaa siku 10 hadi 14 bila kula. Usiongeze chakula juu ya chakula. Jaribu nyungunyungu aliyekatwa, harufu yake ni kali. Akipitisha wiki tatu na anazidi kukonda nyuma ya kichwa, rudi kwenye hatua ya 4 na ufikirie ndoana.

Kazi ya kila wiki

Badilisha lita 40 za tangi la malezi, yaani jerikeni mbili zilizotiwa dawa ya klorini. Joto lisipishane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi 2. Birika moja la maji moto hurekebisha asubuhi ya baridi. Chomoa hita na pampu kwanza. Hita inayobaki hewani ikiwa imewaka hupasuka.

Sponji ikamue ndani ya maji uliyotoa tangini, usiioshe kwa maji ya bomba. Kuiosha bombani ni kuua bakteria wa wiki sita kwa dakika moja. Amonia na nitraiti zisome 0 kila unapopima, nitreti isipite miligramu 40 kwa lita. Ikipita, ongeza mabadiliko ya maji na upunguze mlo.

Umeme ukikatika, kamongo mwenyewe hana wasiwasi, anavuta hewa yake. Wanaokufa ni bakteria wa kichujio wakikosa maji yenye oksijeni kwa saa nyingi. Usimlishe mpaka umeme urudi, na ukikatika kutwa nzima, pima amonia kwa siku tatu zinazofuata.

HATUA YA 8: Tangi kubwa

Mwagize fundi wa vioo kabla samaki hajafika sentimita 40. Kipimo cha chini: sentimita 180 × 60 × 60, kioo cha milimita 12, na vioo vya kukaza juu. Likiwa na maji na mchanga litakaribia kilo 700. Stendi iwe ya chuma kilichochomelewa, na kati ya stendi na kioo weka ubao na tandiko la sponji jembamba ili uzito usielemee pointi moja.

Mwambie fundi atoboe tundu la milimita 40 kwenye kioo cha upande kabla hajaunganisha, kitovu chake kikiwa sentimita 48 kutoka chini. Tundu hilo linafanya kazi mbili. Maji hutoka humo kwenda kwenye pipa la kuchujia lililo chini, na wakati huo huo linalinda ile hewa: hata mtu akisahau bomba wazi, maji hayafiki kwenye mfuniko isipokuwa tundu limeziba. Lifunike kwa kikapu cha PVC chenye matundu ya milimita 5, ukisafishe kila wiki.

Pipa la chini liwe la lita 120 au zaidi, lisijazwe kupita nusu. Ndani yake weka sponji za kuchuja uchafu, kisha mawe mepesi ya volkano au sponji za plastiki za kuoshea vyombo ambazo hazijatiwa sabuni, kisha pampu ya lita 2,500 kwa saa. Hita mbili za wati 200 zikae humo pia, si tangini. Kamongo mkubwa hujizungusha kwenye hita akaungua bila kuhama, au huipasua.

Bomba linalorudisha maji juu litoboe kitundu kidogo usawa wa maji. Umeme ukikatika, kitundu hicho huingiza hewa na kukata mvuto. Bila hicho, maji yatarudi kinyume hadi pipa lifurike sebuleni. Jaribu kwa kuzima pampu mara tatu kabla samaki hajaingia. Mkondo wa maji upige ukutani, asisukumwe.

Hamisha sponji ya tangi la malezi iingie ndani ya pipa hilo wiki chache kabla ya samaki, na uilishe kwa kile kipande cha samaki ndani ya soksi kama mwanzo. Akihamia, kila wiki badilisha lita 150 hadi 200. Pipa la lita 200 na mpira mrefu litakuokoa mgongo.

MAMBO YANAYOKWENDA VIBAYA

Umemkuta sakafuni. Usimtupe, hata akionekana mkavu. Anavuta hewa, na anaweza kuwa hai baada ya saa nyingi. Mfunike kwa taulo la maji, mwondoe vumbi kwa maji yasiyo na klorini, mrudishe kwenye maji ya sentimita 10 tu, na umwache gizani. Kisha utafute pengo alilopitia.

Pamba nyeupe kwenye kidonda. Ni ukungu. Badilisha nusu ya maji, kisha yeyusha chumvi ya mawe gramu 2 hadi 3 kwa lita, ukiiongeza kidogo kidogo kwa siku mbili. Iache siku 7 hadi 10, uipunguze kwa kubadilisha maji. Dawa zenye shaba na formalini usizitumie kwa kamongo.

Ute mwingi, maji yana povu. Mara nyingi ni klorini iliyosahauliwa, au sabuni iliyobaki kwenye ndoo. Badilisha maji kwa yale uliyoyaandaa mapema. Jerikeni mbili za akiba zikae tayari daima kwa siku kama hiyo.

Mtu anakushauri umkaushe kwenye matope "alale usingizi" kama inavyosimuliwa. Usijaribu. Kujifukia hadi ndani ya ganda la ute ni kazi inayohitaji udongo sahihi na maji yanayopungua taratibu, na kamongo wa maziwa yetu yasiyokauka ni nadra kuifanya. Kwenye beseni nyumbani, matokeo huwa ni samaki aliyekauka.

Amekushinda ukubwa. Usimmwage ziwani wala kwenye kinamasi kilicho jirani, hata kama alitoka huko: ameishi na vyakula na vijidudu vya tangi, na ataviingiza majini. Mpigie afisa uvuvi yule yule, au mfugaji uliyemnunua kwake, akupokelee kwenye bwawa lenye uzio. Mtoe kwa ndoo ya maji machache, mfuniko wenye matundu, kama siku ile aliyokuja. Tofauti ni kwamba safari hii ndoo itabidi iwe pipa, na mtabeba watu wawili.